Kazi ya shirika imekwisha: sasa utaanzia wapi?

Kwa miaka mingi, katika makazi ya Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na Rwamwanja nchini Uganda, katika kambi za Kakuma na Dadaab nchini Kenya, na huko Nyarugusu na Nduta nchini Tanzania, kazi iliyotafutwa kuliko zote ilikuwa kazi ya shirika. Mkimbizi aliyejua lugha mbili au tatu alikuwa mkalimani. Aliyemaliza sekondari alifundisha, alisajili watu, au alizunguka nyumba kwa nyumba kama mhudumu wa afya wa jamii. Mwenyeji alipata udereva, uuguzi, ulinzi, ufundi wa maji au kazi ya ghala. Ilikuwa kazi yenye kitambulisho shingoni na malipo mwisho wa mwezi, na mara nyingi malipo hayo yalilisha nyumba mbili au tatu.

Mwaka 2025 kazi nyingi za aina hiyo zilikatika, baadhi kwa barua, nyingine kwa mkutano wa nusu saa chini ya mti, nyingine kwa ujumbe wa simu. Kama wewe ni mmoja wa waliokatiwa, au mtu wa nyumbani kwako amekatiwa, makala haya ni yako. Tutaeleza kwanza kilichotokea, kwa sababu ukijua chanzo utajua pia kama inafaa kusubiri. Kisha tutaangalia haki zako, na hatua za kuanza kazi nyingine mahali ambapo kila mtu anatafuta kazi nyingine.

Kilichotokea

Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kwanza ya muhula wake mpya, Rais wa Marekani Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha kwa siku 90 misaada ya maendeleo kwa nchi za nje. Siku chache baadaye mashirika yaliyokuwa yakilipwa na Marekani yalipokea maagizo ya kusimamisha kazi. Tarehe 10 Machi, Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Tarehe 1 Julai USAID yenyewe ilikoma kuendesha misaada, na miradi michache iliyobaki ikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje.

Kwa wakimbizi, pigo lilikuwa kubwa kwa sababu ya hesabu moja: Marekani peke yake ilikuwa ikitoa takriban asilimia 40 ya michango yote ya UNHCR. Mwezi Juni 2025 UNHCR ilitangaza kupunguza nafasi za kazi zipatazo 3,500 duniani kote. Mashirika yanayotekeleza miradi kwa niaba yake yalipunguza pia, na chini yao wakapunguzwa wanaolipwa posho. Uingereza nayo ilitangaza Februari 2025 kwamba itashusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027. Kwa hiyo si mfadhili mmoja tu aliyebadili njia.

Chakula nacho kilipungua wakati huohuo. Nchini Uganda, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lililazimika mwezi Mei 2025 kuwaondoa watu wapatao milioni 1 kwenye mgao, likabaki na wale walioonekana kuwa na hali mbaya zaidi. Nchini Kenya, tangu Agosti 2025 familia za Kakuma, Kalobeyei na Dadaab zimegawanywa katika makundi kulingana na hali zao, na wengine hawapati kitu.

Kuna mambo mawili ya kushika hapa. La kwanza: hukupoteza kazi kwa sababu ulifanya vibaya. Kuna watu mtaani watakaokurushia methali ya mtegemea cha nduguye. Methali hiyo haikuhusu wewe. Wewe ulikuwa unafanya kazi na kulipwa, kama mwalimu yeyote au karani yeyote, na uamuzi wa kukata fedha ulifanyika maelfu ya kilomita kutoka hapa.

La pili ni gumu zaidi. Fedha hizi hazielekei kurudi kama zilivyokuwa. Huenda mradi mmoja ukafufuka, huenda nafasi chache zikatangazwa, na ukiziona, omba. Lakini mtu anayekaa mwaka mzima akingoja simu ya shirika ameshafanya uamuzi bila kujua: anatumia akiba yake kununua matumaini. Jiwekee tarehe. Sema, kwa mfano, nitasubiri hadi mwisho wa mwezi ujao, kisha nitahesabu kwamba kazi ile imekwisha.

Kabla ya kuondoka, chukua kilicho chako

Watu wengi hutoka kazini wakiwa na uchungu, wanarudisha kitambulisho na fulana, wanakwenda nyumbani. Usifanye hivyo. Sheria za kazi za nchi hizi tatu zina mambo ya kukulinda, lakini nyingine zina muda mfupi sana wa kudai.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi anayepunguzwa kwa sababu nafasi yake imefutwa apewe taarifa ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo, alipwe siku za likizo ambazo hakuzitumia, na apewe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Nchini Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inapanga muda wa taarifa kulingana na miaka ya kazi: mwezi mmoja kwa aliyefanya kazi kati ya mwaka mmoja na mitano, miezi miwili kwa kati ya mitano na kumi, na miezi mitatu kwa zaidi ya hapo. Malalamiko ya kuachishwa isivyo haki yanapelekwa kwa afisa kazi wa wilaya ndani ya miezi mitatu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa malipo ya siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi kumi, na anayelalamikia kuachishwa ana siku 30 tu za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA.

Ukweli ni kwamba wakimbizi wengi waliolipwa posho hawakuandikwa kama wafanyakazi. Karatasi zao zinasema "mtu wa kujitolea". Kwa hiyo mwenyeji aliyekuwa dereva na mkimbizi aliyekuwa mkalimani wake ndani ya gari hilohilo wanaweza kutoka siku moja, mmoja akiwa na kiinua mgongo na mwingine mikono mitupu. Hilo ni jambo la kuuliza kwa adabu lakini bila woga. Soma karatasi uliyotia saini. Uliza kama posho ya mwezi wa mwisho italipwa yote. Kama huelewi, tafuta shirika la msaada wa sheria linalohudumia makazi yenu, na uende mapema.

Kuna kitu kimoja ambacho kila mtu, mwenye mshahara au mwenye posho, anapaswa kukidai: barua ya utumishi. Iandikwe kwenye karatasi yenye nembo, iwe na sahihi na muhuri, itaje kazi uliyofanya, tangu lini hadi lini, na mafunzo uliyopata. Isiseme tu "alijitolea na sisi". Iseme "alikuwa mkalimani wa Kiswahili, Kinyarwanda na Kiingereza kwenye kituo cha afya kwa miaka minne". Omba pia vyeti vya semina zote ulizohudhuria na namba ya simu ya msimamizi anayekubali kutajwa kama mdhamini wako. Ofisi zinafungwa, watu wanahama, na miezi sita baadaye hutampata wa kuandika barua hiyo. Ukiipata, ipige picha na ujitumie kwenye barua pepe yako, maana karatasi huloa mvua na hema huungua.

Kama mwajiri alikuwa akikukata fedha za NSSF, hakikisha zilifika kweli. Nenda ofisini kwao na kitambulisho chako uombe taarifa ya michango. Fedha hizo ni zako hata kama huwezi kuzitoa leo.

Wiki za kwanza nyumbani

Mwambie mwenzako siku hiyohiyo. Wapo wanaume, na wanawake pia, wanaoendelea kutoka asubuhi na begi mgongoni kana kwamba wanakwenda ofisini, kwa sababu ya aibu. Matokeo yake ni kwamba nyumba inaendelea kutumia fedha kama zamani, deni la dukani linakua, na siku ukweli unapojulikana ugomvi huwa mkubwa zaidi. Watoto wakubwa nao waambiwe kwa maneno yanayowafaa.

Kisha hesabu. Andika kwenye daftari fedha zilizopo, nani anakudai, nani unamdai, na vitu vitatu ambavyo lazima vilipwe mwezi huu. Kwa wengi vitatu hivyo ni chakula, dawa na shule. Nenda mwenyewe kwa mwenye duka unayemdai au anayekudai kabla hajakufuata. Anayeona umekuja mwenyewe hukubali kupokea kidogokidogo kuliko anayelazimika kukutafuta.

Ukilipwa kiinua mgongo au malipo ya mwisho, kaa nayo kwanza. Huu ndio wakati ambapo ndugu wa mbali wanapiga simu, na rafiki anakuja na wazo la biashara linalohitaji fedha zote leo. Gawa mara mbili: sehemu ya kula kwa miezi mitatu, na sehemu isiyoguswa kwa ajili ya kuanza upya. Aliyekula mtaji wake wote kwenye miezi miwili ya kwanza atakuwa na mipango mizuri sana bila kitu cha kuitekeleza.

Usidharau uzito wa moyo. Kazi ilikupa ratiba, heshima na mahali pa kwenda. Bila hiyo, watu huacha kulala vizuri, huanza kunywa, hupiga kelele nyumbani. Kwa mtu aliyekwisha kupoteza nchi na nyumba, kupoteza kazi hufukua mengine yaliyozikwa. Ukiona wiki zinapita huwezi kuamka, zungumza na mtu: mchungaji au imamu, mzee wa kijiji, mhudumu wa kituo cha afya. Kuwa na saa ya kuamka na jambo moja la kufanya kila siku, hata kama ni kulima mistari miwili ya mboga.

Mlango bado unabishwa

Kuna jambo ambalo halielezwi sana kwenye habari za kukatwa kwa misaada. Mhudumu wa afya wa jamii amekatiwa posho, lakini mama mwenye mtoto anayetetemeka kwa homa saa nane za usiku bado anakuja kugonga kwake. Mkalimani hana tena mkataba, lakini jirani anaomba asindikizwe hospitalini kwa sababu hajui lugha ya daktari. Mwalimu amerudi nyumbani, na watoto wanamfuata na madaftari.

Huwezi kumfukuza mgonjwa mlangoni, na hakuna anayekutaka ufanye hivyo. Lakini huwezi pia kufanya kazi ya siku nzima bila malipo huku watoto wako wanalala njaa. Weka mipaka na uitangaze. Ya hatari inapokelewa wakati wowote: mtoto anayedegedega, mama mwenye uchungu wa kuzaa, mtu aliyebakwa au kupigwa. Yasiyo ya hatari yana saa zake, labda jioni mara mbili kwa wiki. Shauri hili lipelekeni kwa kamati ya wakimbizi na mwenyekiti wa kijiji. Mtaa unaweza kukubaliana kuchangia kidogo kila kaya, kumlimia mhudumu shamba lake, au kumpa mwalimu debe la mahindi wakati wa mavuno. Jamii zetu zilijua kumlipa mkunga na mwalimu wa madrasa kabla mashirika hayajafika.

Onyo moja kwa wahudumu wa afya: usianze kuuza dawa au kuchoma sindano nyumbani kwa sababu watu wanakuamini. Duka la dawa linahitaji leseni na mtu mwenye sifa zinazotakiwa na mamlaka ya dawa. Kosa moja linaweza kuua mtu na kukupeleka gerezani.

Kwa nini duka si jibu la kila mtu

Ukiuliza watu kumi waliopoteza kazi watafanya nini, wengi watasema watafungua duka. Tufikirie pamoja. Tuseme kwenye mtaa wenu watu 15 wamekatiwa kazi, na 9 kati yao wanafungua vibanda vya sabuni, sukari, chumvi na mafuta. Wanaonunua ni nani? Ni majirani walewale ambao mgao wao umepunguzwa, na wale wenzao 6 ambao hawana mshahara tena. Maduka yameongezeka, fedha za wateja zimepungua. Kila mmoja atauza kidogo, ataanza kukopesha ili asipoteze wateja, na baada ya muda rafu zitabaki na daftari la madeni tu.

Makazi yetu si mahali pasipo uchumi. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) uliotolewa mwaka 2018 uliikadiria Kakuma kuwa na uchumi wa dola milioni 56 kwa mwaka, na biashara zaidi ya 2,000. Lakini uchumi huo ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya fedha zilizoingia kutoka nje: mgao, posho, mishahara na fedha za ndugu walio ughaibuni. Sehemu tatu za kwanza zimepungua. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua kazi mpya, jiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: nani atanilipa, na fedha zake zinatoka wapi? Kazi nzuri zaidi sasa ni ile inayoleta fedha kutoka nje ya kambi, au inayozuia fedha zisitoke. Mfanyabiashara kutoka Hoima au Mbarara anayenunua mahindi na maharage analeta fedha kutoka nje. Anayefuga kuku au kutengeneza sabuni ambayo zamani ililetwa kwa lori anazuia fedha zisitoke. Anayeuza sukari ileile kando ya jirani yake hafanyi lolote kati ya hayo mawili.

Swali la pili: naweza kujaribu kwa wiki sita kwa fedha kidogo? Kabla ya kununua cherehani, kodi ya mtu kwa siku mbili kwa wiki. Kabla ya kufuga kuku mia, fuga kumi uone wanakufa wangapi. Wazo linalokutaka uuze shamba au mabati ya nyumba kabla ya kujua kama lina wateja, liache lilale.

Swali la tatu: sheria ya hapa nilipo inaniruhusu? Hili tutalirudia.

Ujuzi wako una jina lingine

Ukikaa na watu waliotoka kazi za shirika, husema, "Mimi sijui kitu kingine." Si kweli. Wanachojua kiliitwa kwa majina ya miradi, na sasa kinahitaji jina ambalo soko linalielewa.

Aliyekuwa mkalimani anajua kusuluhisha watu wasioelewana. Wafanyabiashara wanaokuja kununua mazao wanahitaji mtu wa namna hiyo. Hospitali na mahakama huhitaji wakalimani mara kwa mara. Wakimbizi wapya wanaofika kutoka Kongo au Burundi wanahitaji kujifunza Kiingereza, na wenyeji wengine wanataka Kifaransa.

Aliyekuwa karani wa usajili au wa ghala anajua kuweka kumbukumbu bila kukosea. Vikundi vya akiba, vyama vya wakulima na wenye maduka makubwa huibiwa au hugombana kwa sababu ya madaftari mabovu. Mtu mmoja anaweza kushika hesabu za vikundi vitano, akilipwa kidogo na kila kimoja.

Aliyekuwa mhamasishaji anajua kusimama mbele ya watu na kuwashawishi. Kampuni za sola, mbegu na majiko banifu hutafuta mawakala wanaojulikana na wanaoaminika mtaani. Ila soma masharti: wakala wa kweli hulipwa kamisheni kwa bidhaa iliyouzwa. Anayekutaka ulipe ili uingie, kisha ulete wengine walipe, anakuuzia upatu wa udanganyifu.

Fundi bomba, mwashi, fundi umeme na seremala waliojifunza kazini wana njia ya kupata cheti bila kurudi darasani miaka mitatu. Kenya ina mitihani ya ufundi ya NITA, inayoanzia daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza, na mfumo wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya shule. Tanzania ina mpango wa VETA wa kurasimisha ujuzi wa mafundi. Uganda nayo inapima mafundi kwa vitendo, moduli moja moja. Mwenyeji na mkimbizi wote wanafaidika na cheti hicho, kwa sababu kinasomeka hata nje ya makazi.

Kwa mwenye umri mkubwa, kubadilisha kazi kuna maumivu yake. Aliyekuwa akiitwa "afisa" kujifunza useremala kwa kijana wa miaka 22 si jambo dogo. Lakini kijana huyo naye hajui kuandika makadirio ya bei wala kuzungumza na mteja wa mjini. Wengine wameanza upya kwa kuungana hivyo: mmoja ana mikono, mwingine ana kalamu.

Sheria ya nchi uliyopo

Hapa ndipo ushauri wa jumla unapofika mwisho, kwa sababu mkimbizi wa Nakivale na wa Nyarugusu hawana milango sawa.

Uganda, inayohifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.8, ina sheria ya mwaka 2006 na kanuni za mwaka 2010 zinazompa mkimbizi haki ya kufanya kazi, kufanya biashara na kusafiri ndani ya nchi. Unaweza kwenda kutafuta kazi Mbarara au Kampala. Ila kumbuka kwamba misaada imefungwa kwenye makazi: anayehamia mjini anatarajiwa kujitegemea. Familia nyingi hutuma mtu mmoja kwanza, wengine wakibaki na kiwanja na shamba mpaka ijulikane kama mjini kuna riziki.

Kenya ina Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, na Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaolenga kugeuza kambi kuwa makazi ya pamoja na wenyeji. Sheria inatambua haki ya kufanya kazi, lakini ajira rasmi bado inahitaji kibali cha daraja M, na kutoka kambini kunahitaji ruhusa. Sheria hiyo pia inampa mkimbizi anayetoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nafasi ya kuacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari ili anufaike kama raia wa jumuiya. Usikimbilie huko kwa sababu ya kazi tu. Hadhi ya ukimbizi ndiyo inayokulinda usirudishwe ulikokimbia. Pata ushauri wa sheria kwanza.

Tanzania ndiyo yenye mlango mwembamba zaidi. Chini ya sheria ya mwaka 1998, mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na hafanyi kazi ya ajira bila kibali. Masoko ya pamoja na wenyeji yamewahi kufungwa. Kwa aliye Nyarugusu, kuanza upya mara nyingi kuna maana ya bustani ya mboga karibu na nyumba, ufundi mdogo, na kujifunza ujuzi utakaobebeka kokote atakakokwenda. Hakuna aibu kwenye hilo. Usimhukumu kwa kipimo cha aliye Uganda.

Mtaji: anzeni na mnachokijua

Benki haitamkopesha kwa urahisi mtu aliyepoteza kazi jana. Kikundi kinaweza. Wakenya wanakiita chama, Watanzania kikoba, Wakongo wanajua likelemba. Utaratibu wa vikundi vya akiba vinavyokutana kila wiki, kuweka hisa na kukopeshana, ulianzishwa na CARE nchini Niger mwaka 1991, na leo uko karibu kila kijiji cha kanda hii. Nguvu yake ni kwamba haungoji fedha za mfadhili: mtaji ni wa wanachama, na faida inabaki kwao wakigawana mwisho wa mwaka.

Hata hivyo vikundi navyo viko hatarini sasa. Wanachama kumi wakipoteza kazi mwezi mmoja, kumi wataomba mkopo na hakuna atakayeweka. Kama uko kwenye kikundi cha namna hiyo, itisheni kikao kabla hakijavunjika. Punguzeni bei ya hisa, ongezeni muda wa kurudisha mikopo, na msikopeshe kwa ajili ya kula isipokuwa kutoka mfuko wa jamii. Ni heri kikundi kinachoweka senti kidogo kuliko kilichokufa na fedha za watu.

Jihadhari na wanaouza njia ya mkato

Tangu Januari 2025 Marekani ilipositisha pia mpango wake wa kupokea wakimbizi, wengi waliokuwa wakingoja safari wamekwama, na walaghai wanajua hilo. Watakuja na orodha ya kazi Ughaibuni, fomu za Kanada, au nafasi ya shirika inayopatikana kwa "chai" kidogo. Huduma za UNHCR ni bure, pamoja na usajili na kupelekwa nchi ya tatu. Shirika la kweli halitozi mwombaji wa kazi fedha.

Kazi za Ghuba zinahitaji uangalifu zaidi. Wakala lazima awe na leseni ya wizara ya kazi ya nchi anayofanyia shughuli, na leseni hiyo unaweza kuiulizia wizarani kabla ya kutoa shilingi. Mkimbizi anayesafiri kwa pasipoti ya kughushi au ya nchi aliyoikimbia anahatarisha hadhi yake, na akipata shida huko atakosa wa kumtetea.

Wenyeji na wakimbizi

Neno la mwisho liwaendee wote wawili. Fedha zilipoondoka, dereva wa Isingiro na muuguzi wa Turkana walipoteza kazi kama mkalimani wa Kongo na mwalimu wa Sudan Kusini. Mwenye shamba aliyekodisha kwa mkimbizi amepoteza mpangaji, na muuza maziwa amepoteza mteja. Katika hali hii maneno ya kuchochea husambaa haraka: kwamba wakimbizi wanachukua kazi, kwamba wenyeji wanafurahia shida yetu. Ukiyasikia, uliza ni kazi gani hiyo iliyochukuliwa, maana iliyokuwepo imeondoka na wote.

Yako mambo yanayofanyika kwa pamoja tu. Mwenyeji ana ardhi na anajulikana wilayani, mkimbizi ana mikono na lugha ya wateja walio ng'ambo ya mpaka. Mkikodishana shamba, andikeni mkataba mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mtaje ukubwa, muda, bei, na nani atavuna kilichopandwa mkataba ukiisha. Karatasi moja kama hiyo imezuia ugomvi mwingi.

Wiki hii, basi, anza na kidogo kinachowezekana: pata barua yako ya utumishi, hesabu fedha zako na mwenzako mezani, na umuulize mtu mmoja anayenunua bidhaa kutoka nje ya makazi anakosa nini. Jibu lake liandike. Huenda ndilo kazi yako ijayo.